Mwalimu wa Kisiwa cha Sukari

Sijui alizaliwa mwaka gani wala kijiji chao kinaitwaje, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba alitoka Kenya. Usicheke. Kwetu sisi, mtu akivuka daraja la Tana pale Garissa kuelekea Nairobi husemwa ameenda Kenya, na tunasema hivyo vitambulisho vya Kenya vikiwa mfukoni. Yeye alivuka akija upande wetu. Akaipita Garissa, akavipita vichaka vyote vya barabara ya Liboi iendayo mpaka wa Somalia, akashuka kwenye kituo chetu na sanduku la bati na mwavuli. Mwavuli, jamani! Misimu miwili ilikuwa imepita bila tone la mvua. Wazee waliokuwa wanacheza shax, ule mchezo wa vijiwe mchangani, walicheka hadi mmoja wao akapaliwa na chai.

Tulimwita Mwalimu tu, ingawa shule ilikuwa na walimu wengine. Mama yangu aliuza maziwa ya ngamia pale stendi ya mabasi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa, basi yeye alimwita Macallin, kwa Kisomali. Wengine walikuja wakakaa mwaka mmoja, wakaomba uhamisho. Yeye alikaa. Sijawahi kuelewa kwa nini, maana mtu mwoga kama yule sijaona tena.

Alifundisha Historia. Biashara ya watumwa ya Bahari ya Atlantiki ina kurasa chache kitabuni, kisha kitabu kinasonga mbele. Yeye hakusonga. Alituweka muhula mzima kwenye kisiwa kimoja, upande uliokuwa wa Wafaransa, ambao leo ni Haiti, na akatueleza namna watumwa wa mashamba ya miwa walivyoinuka wakawatimua mabwana zao na majeshi ya wafalme. Mkuu wa shule alilalamika kwamba mambo hayo hayamo kwenye mtihani. Mwalimu akamjibu mbele yetu, "Hata kifo hakimo kwenye mtihani, bwana mkuu, na wote watakifanya." Tulicheka sana siku hiyo. Mkuu wa shule hakucheka.

Kila mara alianzia mezani. Alituchorea meza ndefu ubaoni, akatutajia vyakula, mvinyo, keki, akatuwekea mabwana na mabibi wamekaa. Halafu nyuma ya kila kiti akachora kijiti kimoja, mtu aliyesimama. "Huyu ni nani?" Anayepakua, Mwalimu. "Anasikia?" Anasikia! "Na huyu anayekula, anasikia?" Hasikii! Hapo sauti yake ilishuka, nasi tukainama mbele. Akatuambia kwamba majuma machache kabla ya mashamba kutiwa moto, mapanga yalinolewa na msimu wa kukata miwa ulikuwa bado. Watumwa wa shamba hili waliomba ruhusa ya kwenda shamba lile, na wa shamba lile waliomba vilevile, Jumapili ileile. Ngoma zilisikika msituni, na bibi mmoja mezani akasema zinampa usingizi mzuri. Aliandika ubaoni neno DALILI akalipigia mstari mpaka chaki ikavunjika.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema.

"Mwalimu, kwetu mawingu hudanganya," mtu akamjibu kutoka nyuma.

"Basi nyinyi mna bahati mbaya kuliko wao," akasema, na kengele ikalia.

Alitufundisha pia juu ya Paris, wanawake waliokosa mkate wakatembea kwenye mvua mpaka kwa mfalme. Na siku aliyotueleza jinsi Waamerika walivyomwaga shehena ya chai baharini kwa hasira za kodi ya Mwingereza, darasa liliharibika kabisa. Jirani yangu wa dawati alishika kichwa. "Astaghfirullah! Chai yote, Mwalimu?" Yote. "Na hata hawakuionja kwanza?" Hawakuionja. "Wallahi hao hawakutaka uhuru. Hao walikuwa wazimu." Mwalimu alicheka mpaka akaketi, na ni mara chache nilimwona akicheka hivyo.

Kwa sababu ya kisiwa kile aliacha sukari. Alisema sukari imemwaga damu kuliko dhahabu, na hataiweka kinywani. Sasa fikiria mtu kukataa sukari kwetu, ambako chai ni sukari iliyotiwa rangi! Watu walianza kumwombea afya. Mama alimkabili pale stendi, kikombe mkononi.

"Macallin, wewe iko mgonjwa?"

"Hapana, mama. Sukari ina damu."

"Sukari ya Liboi hana damu. Iko na mchanga tu. Kunywa bole bole, mchanga nabaki chini."

Hakunywa. Lakini Idi ikifika, halwa alikula sahani nzima peke yake, anajilamba vidole. Tukamuuliza, Mwalimu, halwa ni nini kama si sukari? Akasema hiyo ni ya dini, yeye hagombani na dini za watu. Alikuwa hivyo. Ungemshika mkia hapa, kichwa kinatokea kule.

Uoga wake sasa. Aliogopa mijusi. Aliogopa helikopta, aliogopa askari wa doria, aliogopa mtu yeyote aliyemsalimia kwa jina kamili. Alilala na viatu. Hayo ya viatu tuliyapata kwa Mwalimu wa Hisabati, kijana mwenzake wa huko huko Kenya aliyeishi naye nyumba moja ya walimu. Huyu alikuwa mcheshi, mrefu, anapenda mpira, na alimtania Mwalimu mbele yetu bila huruma. "Mwenzangu huyu akiona duka limefungwa mchana, anaandika wosia," alituambia. Waligombana juu ya redio na juu ya nani aoshe sufuria, lakini hukumwona mmoja stendi bila mwingine.

Na kweli kuhusu maduka. Mwalimu alikuwa amelihamisha lile somo la dalili akalileta kwetu. Alikaa kwenye kigoda cha mama jioni, anatazama nani ananunua nini. Alijua gari gani limetoka Liboi mapema na lipi limechelewa. Kila siku alimuuliza mama swali moja, "Habari ya soko, mama?" Mama akijibu, "Soko iko fisuri leo, Macallin," alikaa mpaka adhana ya magharibi. Akijibu, "Soko iko," basi, bila hilo la vizuri, Mwalimu alinyanyuka akaenda nyumbani na hakuuliza kitu. Nilikuwa nikiwatazama nikifikiri ni mzaha wao. Ukweli mama alikuwa anampakulia aliyoyasikia pale stendi.

Siwezi kumsifu bila kusema la mgomo. Kisima cha shule kiliharibika, wasichana tukawa tunagawana dumu moja la maji siku mbili, na mkuu wa shule ana tangi lake limefungwa kufuli. Tukaamua kufanya kama wanawake wa Paris. Tulipanga mstari, mimi mbele, kichwa kimejaa mapinduzi, tukaenda zetu nyumbani kwa mkuu wa shule. Langoni tukamkuta Mwalimu amesimama na fimbo.

"Rudini darasani!"

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha?" nikamwambia.

"Niliwafundisha muyaone yakija. Sikuwaambia mniletee!"

Alituchapa viganja, mmoja mmoja. Nilimchukia wiki nzima, nikamwita mtumwa wa mezani, na akasikia. Kesho yake alfajiri alionekana anatoka bwawani na mkokoteni wa punda wenye mapipa ya maji, anamsukuma punda nyuma, suruali imelowa. Alifanya hivyo mpaka kisima kikatengenezwa. La fimbo hakuwahi kuliombea radhi, na la maji hakuwahi kulitaja.

Kulikuwa na swali moja aliloliuliza kila mwaka. Kwenye kisiwa, alisema, usiku wa moto ulipokaribia, kuna yaya mmoja mtumwa aliyewanong'oneza watoto aliowalea na mama yao wakimbie, wakakimbia wakapona. Je, alifanya vyema? Darasa liligawanyika kila mara, makelele mpaka darasa la jirani. Mwaka wetu msichana mmoja aliyekuwa akitoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, mkimya, aliinua mkono. "Mwalimu, wenzake walijua ni yeye?" Mwalimu akasema haijulikani. "Basi hatuwezi kusema bado," akajibu, akaketi. Mwalimu alichukua kifutio akafuta ubao wote, na dakika za somo zilikuwa bado zimebaki.

Mimi ndiye niliyempelekea maziwa yake kila asubuhi kabla ya shule. Baada ya mwaka mmoja wa maziwa hayo mama alimketisha akamweleza, nami nikitafsiri, kwamba sasa yeye ni magan wake. Magan ni mgeni asiye wa ukoo wako aliyekuja chini ya mkono wako. Akiguswa, umeguswa wewe. Ila mkono huo una pande mbili, mama alisema. Na magan naye akijua la nyumba ya mwenyeji wake, halitoki bila mwenyeji kuruhusu. Mwalimu alisikiliza kwa makini sana, akauliza maswali mawili, kisha akasema ndiyo. Nadhani alifurahi. Mtu anayelala na viatu hupenda kuambiwa kwamba kuna mkono juu yake.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho shuleni, wiki ya kufunga muhula. Wanaume wageni walikuwa wameanza kupita stendi. Mmoja alikuja kwa mama siku nne mfululizo. Alikuwa peke yake, na kila siku alinunua maziwa ya watu kumi na tano. Siku ya nne alizungumza naye kidogo, kwa upole, akauliza walimu wa Kenya huwa wanapanda basi gani wakienda likizo. Mama akasema yeye ni mama wa maziwa, mabasi hajui. Siku ya tano mtu yule hakuja.

Utaniuliza kwa nini mama hakwenda kwa askari. Aliyekwenda kwa askari asubuhi, alasiri jina lake lilikuwa limefika porini, kwa wale wenye bunduki. Tulikuwa tumewazika wawili wa namna hiyo, na mmoja alisingiziwa tu. Tena mama alikuwa na nini mkononi? Maziwa na swali. Alinivuta nyuma ya banda, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaona uchungu.

"Mwambie Macallin kesho sitampelekea maziwa. Aje ayachukue mwenyewe nyumbani kwetu. Asubuhi, kabla ya basi. Na asiondoke mpaka nimwambie."

"Hooyo, ataelewa?"

"Si amesoma?"

Mwalimu hakuwahi kukanyaga nyumbani kwetu kwa maziwa hata siku moja. Nilipompa ule ujumbe alikuwa anafunga sanduku lake la safari. Aliniangalia. Alisema, "Mwambie mama nitakuja," kisha akaanza kutoa nguo moja moja sandukuni, anazikunja upya, anazipanga kitandani. Chumba cha pili Mwalimu wa Hisabati alikuwa anapiga mluzi. Mke wake alikuwa amejifungua huko kwao wiki ile ile, mtoto wa kwanza, na alikuwa amemnunulia shali Garissa. Nilimsikia akipiga mluzi, nikajua na yeye atapanda basi, na nikatoka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimejiambia hilo la miaka mara nyingi na halijanisaidia.

Asubuhi Mwalimu alikuja. Alikaa uani kwetu na kikombe cha maziwa mpaka yakapoa, mama anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Basi tulilisikia likipita. Saa nne habari zikaja. Lilisimamishwa mbele huko, kwenye vichaka, wakashushwa watu wa Kenya wakalazwa chini kando ya barabara. Mwalimu wa Hisabati alikuwa mmoja wao. Sitasema zaidi. Mwalimu aliweka kikombe chini, akatapika, akamwomba mama msamaha kwa kuchafua uwanja.

Ndani ya siku tatu walimu wote waliobaki waliondolewa kwa lori la serikali. Shule ikafungwa, sisi tukatawanyika, mimi nikamalizia masomo kwa jamaa zetu Garissa. Leo ninafundisha hapa hapa Garissa. Historia, ndiyo. Mama ninaishi naye. Anauza maziwa bado, kwa sababu ukimkataza anaugua.

Mwaka jana, baada ya sala ya alasiri, mtu alibisha geti. Mwanaume mkondefu, ndevu nyeupe, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni. Nilimtambua kwa jinsi alivyotazama kwanza barabara, pande zote mbili, kabla ya kuingia. Nililia, nakwambia kweli. Nikamtandikia mkeka uani. Aliuliza hali ya shule ninayofundisha, akauliza kama nina watoto. Halafu akasema lililomleta.

"Nilimwambia," alisema.

"Nani?"

"Mwenzangu. Usiku ule nilimwambia usipande basi. Akacheka. Akaniuliza, nani amekwambia? Nikasema ni dalili tu. Unamjua alivyonitania na dalili zangu. Akasema, taja mtu mmoja aliyekwambia, nami nitabaki. Mtu mmoja tu."

Niliivuta ncha ya mkeka nikaiweka sawa.

"Sikumtaja mama yako. Nilikuwa magan wake. Asubuhi akaondoka, akaniambia nimsalimie huyo mganga wangu."

Mjane wa mwenzake aliyaokota maneno hayo, alisema. Mwalimu mwenyewe, kwa ujinga wa majonzi, alimwambia pale mazishini kwamba alimkanya. Mjane akauliza swali lile lile. Ulijuaje? Nani alikwambia? Akanyamaza. Na kunyamaza kule kukawa jibu. Kwao wanasema alikuwa na wale watu. Kwamba aliokoka kwa sababu alikuwa mmoja wao, akamwacha mwenzake apande. Kanisani benchi lake anakaa peke yake. Watoto wa kaka yake hawamsalimii. Na yule mtoto mchanga sasa ni kijana anayesoma, na majuzi alikuja nyumbani kwake peke yake, akasimama mlangoni, akamuuliza swali lile lile la mama yake.

"Nimechoka," Mwalimu alisema. "Sikuja kumtaja mama. Nimekuja kuomba ruhusa yake. Nimwambie huyo kijana tu, jina moja, basi. Akikataa nitaondoka na sitarudi tena."

Alistahili. Najua alistahili, huna haja ya kuniambia. Lakini kijana ana mama, na mama ana kanisa zima, na siku hizi jina halitembei kwa miguu, linarushwa kwa simu. Wiki ile ile, barabara ya Liboi, mzee mmoja aliyesemwa kuwa anaongea na askari alikuwa ameteremshwa kwenye gari, na hajaonekana mpaka leo. Wale watu hawajaisha. Mama yangu anakaa stendi peupe kila siku, anauzia kila anayekuja.

"Mama amelala," nikamwambia. "Anaumwa. Hawezi kuongea na mtu."

Nyuma ya pazia la mlango mama alikuwa anasuuza madumu. Maji yalisikika yakimwagwa, dumu likagonga dumu. Mwalimu alilitazama pazia, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani. Alitoa kikaratasi mfukoni, akaandika namba yake ya simu kwa ule mwandiko wa ubaoni.

"Akiamka," alisema, "mwambie Macallin alipita."

Akavaa viatu. Nilimsindikiza mpaka getini, akatazama barabara pande zote mbili, akaenda.

Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa, mtandio mzuri wa kwenda msikitini kichwani.

"Ile sauti naijua," alisema. "Nilikuwa navaa nije. Amekuja kuomba jina langu?"

Nikasema ndiyo.

"Ningempa," mama alisema. "Mbona hukuniita?"

Alinituma nimkimbilie. Nilitoka mpaka barabarani. Nilimwona kabisa, hajafika mbali, anasubiri tuktuku kando ya duka la dawa, na ningemwita angesikia. Nilisimama nyuma ya gari lililoegeshwa mpaka akapanda, nikarudi nikamwambia mama nimemkosa.

Kikaratasi ninacho. Kila Ijumaa mama ananiuliza kama nimempata Macallin, nami namwambia simu yake imezimwa.